'Ni Nani Huyo?': mashujaa waliotoka kwenye mashine ya kurudufu ya Bugene

Bugene, Karagwe. Jua la Julai ndiyo kwanza linapenya dirishani, na Speciose Mukashema tayari ana wino hadi kwenye kiwiko. Mkono wa kulia unazungusha mashine ya kurudufu, wa kushoto unapokea karatasi zinazotoka, na mdomo unaikaripia mashine kama vile ni mbuzi aliyeingia shambani.

"Leo usinifanyie hivyo, mama wee. Leo nina mgeni," anaiambia, karatasi moja inapotoka imejikunja.

Zinazotoka asubuhi hii ni ratiba za misa na matangazo ya semina ya wakulima wa kahawa. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha mama huyu wa miaka thelathini: mpiga taipu na mrudufu wa kituo cha vijana cha parokia. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unatosha sabuni, chumvi na kulalamika."

Lakini kazi iliyompa jina bado inaning'inia ukutani. Ni stensili, zile karatasi za nta za mashine hiyo, alizokwisha kuzipiga taipu, zimebanwa kwenye kamba kama nguo zinazosubiri kukauka, na hakuna hata moja iliyoingia mashineni. Hilo ni toleo la pili la "Ni Nani Huyo?", mchezo wa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, ambao Speciose ameutunga, ameupiga taipu na kuuchapa mwenyewe katika chumba hiki.

Jumapili hii wazee wa Kimuli, upande wa Kyerwa, watasema kama toleo hilo lichapwe au lisichapwe. Wakikataa, stensili zitachanwa na mchezo utakuwa umeishia hapo.

"Najikaza tu mbele yako," anamwambia mwandishi wa gazeti hili. "Ukweli ni kwamba niko kama mtu anayesubiri mtihani."

Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Watu wanne au watano wanakaa mkekani. Mmoja anakuwa Msimulizi, anaanzisha kisa: daraja limekatika, ng'ombe wameibwa, ukungu umemeza watoto waliokwenda kuchota maji. Wengine ni mashujaa, kila mmoja na nguvu yake na udhaifu wake. Hakuna anayejua kisa kitaishia wapi, hata Msimulizi.

Yuko Sikio-la-Bonde, anayesikia kwato za ng'ombe wa wizi kutoka bonde la tatu, lakini mvua ikinyesha anakuwa kiziwi. Yuko Jicho-la-Alfajiri, ambaye ukungu kwake ni kama haupo, ila jua likiwa kali haoni hata pua yake. Na yuko Mbeba-Vilima, anayeweza kuking'oa kilima akakiweka kando watu wapite. Huyo hashindwi na uzito wowote, isipokuwa hawezi kumbeba mwongo.

Shujaa anapotaka kuingia kwenye kisa, wote mkekani humuuliza kwa pamoja, "Ni nani huyo?" Hapo mchezaji husimama na kutoa majigambo, yale ambayo Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, huyaita ebyebugo, na ambayo familia zenye asili ya Rwanda kama ya Speciose nazo zinayo kwa jina lao. Akimaliza, hutupa buni tano za kahawa zilizokobolewa. Kila buni iliyoangukia mgongo na kuonyesha ubapa ni nguvu moja. Majigambo yakiwakuna waliokaa, huitikia "Eee!" na kumwongezea buni.

Ukimuuliza Speciose alianzia wapi, hataji kitabu wala shule. Anataja mwaka 1978.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, nyumbani kwao kando ya barabara pale Omurushaka. Vita vilipoingia Kagera, familia zilizokimbia kutoka ng'ambo ya mto zilifika na vyungu vichwani, na wazazi wake wakapokea kadiri nyumba ilivyoweza kumeza. Watoto walilazwa sebuleni wakiwa wamebanana. Msichana mkubwa kuliko wote alikuwa yeye, kwa hiyo kazi ya kuwatuliza ikamwangukia.

"Kila gari la jeshi liliponguruma barabarani, walishtuka wote kwa pamoja," anasimulia. "Wakawa wananishika nguo, 'Dada, ni nani huyo? Ni nani huyo?' Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Ningewaambia nini? Nikasema, 'Huyo ni Mbeba-Vilima. Anahamisha kilima ili mama zenu waliobaki nyuma wapate njia.' Wakanyamaza. Gari la pili likaja, wakauliza tena. Ikabidi nimpate shujaa mwingine."

Vita viliisha, watoto wakarudi kwao, na mashujaa wakabaki kichwani mwake bila kazi ya kufanya. Akasoma kupiga taipu, akaolewa Kimuli mwaka 1983 na Tumwine, kijana wa familia ya wafugaji, na baadaye akapata kazi Bugene. Siku za kazi hulala kwa shangazi yake, Jumamosi hudandia gari kurudi Kimuli.

Mwaka 1990 alitumwa kupeleka karatasi nyumba ya wageni pale Omurushaka, walikokuwa wamefikia vijana wa kizungu waliojitolea kuchimba visima. Akawakuta wamezunguka meza, wanaongea kwa zamu, wanatupa vidude vyenye pembe nyingi, mara wanashangilia, mara wanashika vichwa.

"Nikajua wanagombea urithi," anasema, na hapa anaiacha mashine acheke vizuri.

Mmoja wao, aliyekijua Kiswahili kidogo, akamweleza kwamba ni mchezo wa kusimulia, na kwamba yeye pale alikuwa mtu anayeruka juu ya maghorofa ya mji mkubwa. Speciose alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali ambalo mpaka leo vijana wa kituo wanalirudia kumtania.

"Nikamwambia, sasa huyu akija kwetu Kimuli ataruka juu ya nini? Juu ya migomba?"

Speciose alirudi Bugene na lile swali lake likimwasha. Wiki hiyo hiyo akaanza kuwatafutia kazi mashujaa wake wa zamani.

Hakuanza vizuri. Kwa kuwa hakuwa na vidude vya kizungu, alichukua kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kila nyumba ya huku humkaribishia mgeni. Akazipaka wino wa mashine upande mmoja ili upande wa ushindi ujulikane. Akaziweka kwenye kikapu kidogo katikati ya mkeka, akawaita watu wajaribu.

Wa kwanza kufika alikuwa Katekista Yustus. Akasalimu, akaketi, akaona kikapu cha kahawa mbele yake. Akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa Karagwe angefanya.

"Nikashukuru, nikatafuna," anakiri katekista mwenyewe. "Nilishangaa kidogo kwamba uchungu umezidi. Lakini ukikaribishwa huulizi."

Speciose alipogeuka, mchezo ulikuwa umeliwa karibu nusu na katekista alikuwa na midomo myeusi. Jioni hiyo akaongoza rozari akiwa hivyo hivyo, maana wino wa mashine hautoki kwa sabuni. Lakini balaa hilo ndilo lililoleta buni zilizokobolewa: hakuna mgeni anayetafuna buni mbichi, na ubapa wake hauhitaji wino.

Jaribio la pili lilikufa kwa adabu. Kisa kilimtaka kijana Celestin, kibarua wa mashamba ya kahawa, awe adui na amzuie shujaa wa Katekista Yustus asivuke mto. Celestin akasimama, akamtazama katekista, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akapiga hatua pembeni na kumpisha.

"Kila adui aliyekuja alimwamkia shujaa," anasema Speciose. "Mkwe hakuweza kumpinga mkwe, mtoto hakuweza kusema kabla ya baba. Vita vikaisha kwa marahaba."

Ndipo akatunga kanuni ya kamba. Kila mchezaji hufungwa kamba ya mgomba mkononi, na ikishafungwa, undugu umesimamishwa. Hakuna baba, hakuna mkwe, hakuna mwalimu. Yapo majina ya mashujaa tu, hadi kamba ikatwe. Celestin alipofungwa kamba hiyo, alimzamisha katekista mtoni mara mbili.

Kijitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1991, kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Hakikukaa rafu. Vigango vya parokia vikaazimana, vijana wakakinakili kwa mkono, na hakuna kijiji kilichokipenda kama Kimuli. Na ni huko huko Kimuli malalamiko yalikotoka.

Aliyelalamika si mtu wa kupuuzwa. Mzee Polikarpi Rugemalira ndiye mtu ambaye harusi za kwao husimama kimya anapoinuka na fimbo yake kutoa majigambo. Alipowasikia vijana wakijigamba kwamba wameng'oa vilima, alitema mate chini.

"Mtu hujigamba kwa alichokifanya," mzee alilieleza gazeti hili nyumbani kwake. "Mimi nikisema nilimtoa ndama kwenye taya za chui, kovu hili hapa. Hawa watoto wamefanya nini? Wameamka, wamekunywa uji, wanaitwa mashujaa. Na wasichana nao wanasimama. Majigambo yamekuwa karanga, kila mtu anajichotea?"

Mlezi wa kituo, padri mwenye busara zake, hakutaka ugomvi. Alimwambia Speciose kwamba karatasi za kanisa hazitachapiwa kitu kinachowaumiza wazee, na akamtaka akapatane nao kwanza. Ushauri mzuri, ila ulikuwa na tatizo moja kubwa.

Mzee Rugemalira ni baba mkwe wake.

Kwa desturi ya wafugaji hao, mkamwana na baba mkwe hawakai pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Miaka kumi Speciose ameishi kwenye boma lile bila kubadilishana neno na mwenye boma. Mzee akikohoa nje, yeye hupitia njia ya jikoni. Ujumbe wote hupitia kwa mama mkwe, Kantengwa.

"Anasema, 'Mwambie alete maji.' Mimi nipo hapo, nimesikia kila kitu," anaeleza Speciose. "Lakini nangoja mama aniambie, ndipo nayaleta. Hatuna ugomvi. Ni heshima. Ila heshima hiyo ilinitoa jasho, maana mtu pekee niliyetakiwa kumweleza ndiye pekee nisiyeweza kumweleza."

Alichofanya ni kuyachukua malalamiko kama alivyoyapokea kwa Kantengwa, akarudi Bugene na kukaa mbele ya taipu. Mzee amesema kweli, akajiambia, na ikamuuma kwamba hakuliona hilo mwenyewe. Ndipo ikazaliwa kanuni mpya, ambayo ndiyo roho ya toleo la pili: shujaa haruhusiwi kutaja nguvu zake kabla mchezaji hajataja jambo moja la kweli alilolifanya kwa mikono yake, na awepo mtu wa kulithibitisha.

Jumapili imefika. Baada ya ibada, mkeka umetandikwa nje ya kigango cha Kimuli. Wazee wako kwenye mabenchi. Mzee Rugemalira amekaa mwisho wa benchi, mgongo akiwa ameuelekeza upande aliko mkamwana wake. Speciose ndiye Msimulizi. Sauti yake mwanzoni inasikika kwa shida.

Kisa ni cha watu waliozingirwa na mafuriko. "Ni nani huyo?" wanauliza, na Rozi, mkulima wa migomba, anasimama: "Ni mimi Jicho-la-Alfajiri! Mimi niliyempalilia jirani aliyefiwa, shamba langu likingoja!" Jirani huyo yupo, anaitikia. Celestin anajigamba kwamba aliokota ng'ombe aliyepotea na kumrudisha bila hata kumkamua, na mwenye ng'ombe anapaza sauti kutoka nyuma, "Kweli, ila alimwangalia sana!" Watu wanaangua kicheko.

Mzee Rugemalira hacheki. Anamgeukia katekista.

"Mwalimu, aliyetunga mambo haya ni nani?"

"Ni mkamwana wako, mzee."

"Najua. Nauliza kwa sababu sijamsikia. Kanuni hii ya kweli ni ya watoto wa watu tu, yeye haimhusu?"

Katekista anaeleza kwa kubabaika kwamba Msimulizi huwa hajigambi. Mzee anatikisa kichwa. Kisha anafanya jambo linalowafanya kina mama waliokaa nyasini washike vinywa: ananyoosha mkono wake kwenye mkeka.

"Nifungeni hiyo kamba."

Anafungwa. Kamba nyingine inafungwa mkononi mwa Speciose, na anayeifunga ni Kantengwa. Mzee anageuka kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi anamtazama mke wa mwanawe usoni, na kwa ile sauti ya harusini anauliza:

"Ni nani huyo?"

Speciose anasimama. Anatazama chini, kisha anainua kichwa.

"Ni mimi Mbeba-Vilima!
Mimi niliyeshika mti wa mbele wa machela,
mvua ikiniingia kinywani,
wanaume wote wakiwa mbali na ng'ombe.
Bega moja likachubuka, nikaweka la pili.
Wanawake wenzangu wakasema tuitue, nikakataa.
Aliyelala ndani ni mama wa boma hili,
akisema niacheni nife hapa njiani.
Nikamwambia, mama, fumba macho, kilima hiki nakihamisha.
Mimi niliyerudi naye akitembea kwa miguu yake,
nikaingia jikoni, nikapika, nikanyamaza!"

Hakuna anayeitikia. Huku kwetu kubeba machela ya mgonjwa ni kazi ya wanaume, na kila kijiji kina chama chao cha kuibeba. Miaka minne iliyopita Kantengwa alipougua ghafla, Mzee Rugemalira na wanawe walikuwa malishoni. Siku zote aliamini kwamba vijana wa chama ndio waliompeleka mkewe zahanati, na alikwisha kuwashukuru kwa dume la mbuzi.

Mzee anamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba Tumwine," anajibu Kantengwa, machozi yakimtoka waziwazi. "Vijana walikuwa msibani ng'ambo. Wakatukuta tumekwisha kufika. Mtoto huyu alinisihi nisiseme, asije akaonekana kawaaibisha wanaume wa boma. Na wale vijana mbuzi walimla tu."

Mzee Rugemalira anasimama kwa kuegemea fimbo. "Eee!" anaitikia, peke yake, kwa kirefu, kama wanavyoitikiwa wanaume. Ndipo uwanja mzima unalipuka. Anachota buni kwenye kikapu kiganja kizima.

"Kanuni inaruhusu kumwongezea ngapi?"

"Moja, mzee," anasema katekista.

"Aliyeitunga ni bahili," anasema, na kuziteremsha moja moja hadi ibaki ile moja.

Speciose anatupa. Buni zinaruka, zinatulia, na zote isipokuwa moja zimelala kifudifudi. Baada ya yote hayo, kwa nguvu moja tu, Mbeba-Vilima ameshindwa kukisogeza kilima. Anayecheka wa kwanza ni Mzee Rugemalira, na anacheka mpaka anapewa maji.

Wazee hawakuhitaji kikao. Kamba zikakatwa, mzee akageuza mgongo wake kama kawaida, na desturi ikarudi mahali pake.

Jumatatu, Bugene. Stensili ya kwanza imevikwa kwenye mashine na mkono unazunguka. Ndoto ya Speciose ni kwamba kabla ya masika kila kigango kutoka Kimuli hadi Omurushaka kiwe na kijitabu chake. Baada ya hapo anataka kutunga kijitabu cha tatu, cha kundi la wanawake wanaobeba machela, kila mmoja na nguvu yake. Wale wenzake wa mvua ile amekwisha kuwaomba ruhusa ya kuwatumia.

Anapoulizwa kama kuna lililobadilika nyumbani, anasimamisha mashine na kujifuta mikono kwa kitambaa kisicho na sehemu safi.

"Leo asubuhi nilikuwa naondoka, nina kapu kichwani," anasema. "Nimepitia njia ya jikoni kama siku zote. Nikasikia sauti kutoka nyuma ya ua. Hakumtuma mama. Hakunitazama, kanipa mgongo, anakamua ng'ombe wake. Akasema, 'Ni nani huyo anayepita?'"

Wino umemfika shavuni na hajui.

"Nikatua kapu," anasema, "nikamjibu."